Hela, nyumba na watoto kwa maisha yasiyoingia kwenye fomu: maswali mnayoniuliza kila siku

Wengi mnaonitafuta niwasaidie kupanga mambo ya hela mnaanza kwa kuomba radhi. "Samahani, maisha yangu yamekaa vibaya kidogo." Hayajakaa vibaya. Wewe ni singo maza, au mnakaa pamoja bila ndoa, au ni mke wa pili, au una miaka 45 huna mtoto, au Muislamu umeoa Mkristo, au unaendesha bodaboda na hela inaingia leo kesho haiingii. Ni maisha ya watu wengi sana hapa Tanzania, ila mipango ya hela inayofundishwa kila mahali imeshonwa kwa mtu mwenye mshahara tarehe 25, cheti cha ndoa na watoto wa ndani ya ndoa. Mimi mpango nauanza na kile mtu mwenyewe anachokithamini. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila wiki na nimejibu kama navyojibu tukikaa mezani. Mambo ya sheria niliyoyataja ni ya Tanzania Bara, Zanzibar ina utaratibu wake, hasa mirathi kwenye mahakama za kadhi.

Nikija utanihukumu?

Hapana. Nitakuuliza nani anakula kwa jasho lako, nani ungependa akae salama ukiondoka, na hela inaingia vipi. Mambo ya chumbani sikuulizi. Ila kama kuna mtoto ambaye mwenzako hamjui au nyumba nyingine unayoihudumia, naomba uniambie mimi hata kama humwambii mtu mwingine, kwa sababu mpango uliomficha mtu mmoja ndio unakuja kupasuka msibani, mbele ya watu wote.

Unasema mpango uanze na "ninachokithamini". Si ni maneno tu hayo?

Ingekuwa maneno kama tungeishia kuongea. Tunachofanya ni hiki, unaomba taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, tunaiprinti, alafu unachukua kalamu tatu. Bluu unapiga mstari chini ya kila hela iliyoenda kwenye kitu ambacho ungekirudia tena kwa moyo mweupe, ada ya mtoto, dawa za mama, sadaka, mtaji. Nyeusi ni ile ya lazima tu, kodi, luku, nauli. Nyekundu ni ile iliyotoka kwa aibu, kwa kuogopa kusemwa, au hata hukumbuki ilienda wapi.

Dada mmoja anauza samaki Feri alifanya hivo kwa utulivu kabisa mpaka ukurasa wa pili, akasimama. Nyekundu zake karibu zote zilikuwa michango, kitchen party, send-off, kamati ya harusi ya mtoto wa mtu aliyepanga naye nyumba zamani. Na kitu alichoniambia mwanzo kwamba anakitaka kuliko vyote, mdogo wake amalize VETA, kilikuwa na mstari mmoja wa bluu kwenye miezi yote mitatu. Sikumwambia kitu. Alichukua simu yake akajitoa kwenye magrupu mawili ya kamati palepale, na wiki iliyofuata akaenda kulipa awamu ya kwanza.

Kwa hiyo mimi sikwambii michango ni mibaya. Kuna mtu kwake mchango wa msiba ni bluu kabisa, ndio heshima yake mtaani na ndio bima yake, kwa sababu siku akifiwa ni haohao watakuja kupika na kulala chini wiki nzima. Wewe ndio unajua rangi yake.

Kipato changu hakina tarehe. Bajeti ya mwezi kila nikipanga inavunjika.

Achana na bajeti ya mwezi basi, ni ya watu wenye mshahara. Kama ni boda, bajaji, saluni, genge, mpiga picha wa harusi, msusi, wewe hesabu yako ni ya siku au ya wiki. Tafuta wiki yako mbaya kuliko zote ndani ya miezi mitatu, sio ya wastani, ile mbaya kabisa. Hiyo ndio hela unayojilipa, na matumizi ya nyumbani yaishi humo. Kila kinachozidi kwenye wiki nzuri kinaondoka kwenye mkono siku hiyohiyo, kabla hujalala, kwa sababu hela iliyolala kwenye laini ya simu asubuhi inaamka na mwenyewe.

Iende wapi? Kwanza dharura, na hiyo isiwe mbali sana. Wengine wanatumia mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, maana unaweza kuitoa ndani ya siku chache za kazi, wengine SACCOS, wengine upatu. Upatu mimi naupenda ila tuelewane, upatu ni nidhamu, faida hauna, na usalama wake wote uko kwa kijumbe, yule anayekusanya na kugawa hela. Ukiwa wa kwanza kupokea umekopeshwa bure, ukiwa wa mwisho wewe ndio umewakopesha wenzako bure. Kama kijumbe humjui kwake wala ndugu zake, usiingie.

Alafu uzee. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea mtu aliyejiajiri, unajisajili mwenyewe na unachangia kwa simu. Jambo la kukumbuka ni miezi 180, yani miaka 15 ya michango, ndio unapata pensheni ya kila mwezi mpaka unakufa. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Mtu wa boda mwenye miaka 30 akianza leo hata akiruka miezi ya mvua bado anafika vizuri, mtu wa miaka 50 akianza leo inabidi tukae tupige hesabu kwanza.

Tunakaa pamoja miaka sita, tuna watoto wawili, hatujafunga ndoa. Mimi ni mke au sio mke?

Hili ndio swali ninaloulizwa kuliko yote na jibu lake ni refu, tulia usome.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna ambayo watu wanaowazunguka wanawajua kama mume na mke, basi inachukuliwa kwamba ni wanandoa. Watu wanasikia "miaka miwili" wanashangilia wanaishia hapo. Hapo ndio mwanzo. Ile ni dhana, na dhana inaweza kupingwa. Akisimama mahakamani akasema huyu alikuwa mpangaji mwenzangu, au huyu nilimuhifadhi tu, wewe ndio unatafuta mashahidi. Na kama jamaa ana ndoa ya kanisani na mwanamke mwingine ambayo bado haijavunjwa, dhana hiyo haisimami kabisa kwa sababu ndoa ile ni ya mke mmoja, hana nafasi ya mke wa pili kisheria hata kama mmeishi miaka ishirini. Hata hivyo usikate tamaa hapo, sheria hiyohiyo inamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto hata dhana ikivunjwa.

Kuhusu mali mlizochuma, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani na kulea ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Kwa hiyo ile kauli ya "wewe ulikuwa unakaa tu nyumbani" haina nguvu kama wengi wanavyodhani. Ila lazima ufike mahakamani ukiwa na kitu mkononi.

Sasa hicho kitu kinaandaliwa leo mkiwa mnapendana. Mkataba wa pango uwe na majina yenu wote. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wawajue, sio wamjue yeye tu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe na jina la baba. Risiti za mabati, saruji, fundi, ukituma wewe kwa simu andika sababu ya malipo na utunze. Na kama hakuna kinachowazuia kufunga ndoa isipokuwa gharama, nendeni kwa mkuu wa wilaya mfunge ya serikali, sherehe mtafanya mkipata au msifanye. Nimeona watu wanaahirisha miaka kumi kwa sababu ya ukumbi na MC, alafu mmoja anafariki.

Tunajenga, kiwanja ni cha jina lake. Niendelee kuweka hela?

Ningekuwa ndugu yako ningekwambia simama kidogo kwanza. Mazungumzo yenyewe ni magumu, najua, ukiyaanzisha unaonekana unamuwazia kifo au unataka kuondoka. Anza na watoto, mwambie "nikifa mimi kesho ndugu zangu wakaja kudai hela niliyoweka humu, wewe na watoto mtajiteteaje?" Ukianzia kwenye kifo chako wewe, mara nyingi mtu anasikiliza.

Mkikubaliana, ardhi inaweza kumilikiwa na watu zaidi ya mmoja. Kwa ambao hamna ndoa, nashauri umiliki wa hisa, kwamba huyu ana asilimia 60 huyu 40, imeandikwa, na kila mtu hisa yake akifa inaenda kwa warithi wake au kwa aliyemuandika kwenye wosia. Kama kiwanja hakijapimwa na mna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, basi hata hiyo karatasi iwe na majina mawili na picha mbili, alafu muone wakili awaandikie makubaliano. Hela ya wakili inaweza kuwa ndogo kuliko tripu moja ya mchanga na kokoto.

Mimi na rafiki yangu tunaishi pamoja, tumenunua kiwanja pamoja, tunalea watoto wa marehemu dada yake. Sisi ni nani kisheria?

Kisheria ni watu wawili tu wasiohusiana, na mmoja akifa ndugu wa marehemu wanaweza kuja na kufuli siku ya arobaini. Nasema kwa uwazi kwa sababu familia za namna hii ni nyingi na zinalea vizuri, alafu haziachi hata karatasi moja. Nyinyi hamna dhana yoyote ya kuwabeba, kwa hiyo kila kitu kiwe maandishi, hisa za kiwanja, makubaliano ya nani analipa nini, wosia wa kila mmoja, na kwa watoto nendeni ustawi wa jamii mkaulizie kuhusu ulezi ili shule na hospitali wawatambue. Hati ya uwakili, ya kumruhusu mwenzako akufanyie mambo kwa niaba yako, nayo nzuri kwa kusaidiana mmoja akisafiri au akiugua, ila jueni inakufa na aliyeitoa, ukifariki saa nne saa tano haina kazi.

Mimi ni singo maza. Nikifa leo nani anapewa hela za mwanangu?

Usipoandika, kikao cha ukoo kitaamua. Kitakaa, kitamteua msimamizi wa mirathi, muhtasari utapelekwa mahakama ya mwanzo, na mara nyingi anayechaguliwa ni kaka mkubwa kwa sababu ni kaka mkubwa. Anaweza akawa mtu mzuri sana. Anaweza pia akawa na madeni yake.

Andika wosia. Sio wa matajiri, hata kama una viti vya saluni na laki nane. RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi, wanasaidia kuandika na wanautunza, ukiutunza wewe kwenye kabati hakikisha watu wawili wanajua uko wapi. Kwa utaratibu wa kimila, kama unajua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, kama hujui basi wawe wanne, na usimuweke shahidi mtu ambaye umemwachia kitu. Humo ndani taja nani alee mtoto na nani asimamie hela, na ningependa wawe watu wawili tofauti. Mwenye mapenzi na mtoto na mwenye nidhamu ya hela sio lazima awe yuleyule, na wakiwa wawili wanaangaliana.

Na baba mtu? Kama yupo hai na cheti cha kuzaliwa kina jina lake, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matunzo kutoka kwa wazazi wote wawili, na inakataza mtoto kunyimwa kufaidi mali ya mzazi wake. Hiyo ni haki ya mtoto, sio ya kwako, kwa hiyo hasira zako na yeye zisiidondoshe.

Alafu kagua majina. Jina uliloandika kama mrithi kwenye SACCOS, kazini, bima, ulilijaza lini? Watu wana miaka kumi na watoto watatu lakini fomu bado ina jina la ex.

Mimi Muislamu. Nina mtoto nilimpata kabla ya ndoa, na mke wangu ni Mkristo. Nikifa wanapata nini?

Kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa nje ya ndoa anarithi upande wa mama yake, kwako hana fungu. Mke ambaye sio Muislamu naye hana fungu. Watu wengi wakisikia hivi wanaondoka wamenyong'onyea wakidhani mlango umefungwa, na hawajui kwamba mlango upo ndani ya dini yenyewe. Wosia wa Kiislamu unaruhusu mpaka thuluthi moja ya mali, na unamuhusu mtu ambaye sio mrithi. Sasa hawa wawili kwa sababu sio warithi ndio hasa wanafaa kuandikiwa ile thuluthi. Pia kuna hiba, unampa ukiwa hai, mzima wa akili, na unamkabidhi kweli, maana hiba ya mdomoni wakati funguo bado uko nazo wewe italeta ugomvi. Nenda kwa sheikh anayejua mirathi na wakili kwa pamoja, mmoja peke yake hatoshi.

Sina mtoto. Kila mtu ananiuliza uzeeni nitatunzwa na nani.

Na wenye watoto wanne nao wajiulize, maana wengi wameweka uzee wote kwa mtoto mmoja aliyeenda mjini. Wewe una faida moja, unajua mapema. Lengo lako ni hela inayokuja yenyewe ukiwa huna nguvu, pensheni ya NSSF ikiwa mguu mmoja na hatifungani za serikali, yani unaikopesha serikali inakulipa riba, mguu wa pili. Hatifungani za Benki Kuu zinaanzia shilingi milioni moja, zipo mpaka za miaka 25, na riba inaingia kila baada ya miezi sita kwenye akaunti yako. Mtu mwenye miaka 45 akinunua kidogokidogo ya miaka 20 na 25, akifika 60 ana tarehe zake za mshahara. Kama milioni haijafika, mifuko ya UTT inaingilika kwa kiasi kidogo, mfuko wa Umoja upo tangu 2005.

Kingine ni watu. Kama kuna binti wa dada yako unamsomesha na ungependa yeye ndio awe karibu na wewe, mwambie, na muandike. Usimuache aje apambane na wajomba wakati yeye ndio alikuwa anakupeleka kliniki.

Sitaki riba kabisa. Nabaki na kuficha hela chini ya godoro?

Hapana. Amana Bank ipo tangu 2011 na inaendeshwa kwa misingi ya sharia, na benki kadhaa za kawaida zina madirisha ya Kiislamu, kama Al Barakah ya CRDB. Soko la sukuk, yani hatifungani za Kiislamu zisizo na riba, nalo limeanza kukua hapa nchini. Waulize swali moja tu, faida yangu inatokana na biashara gani? Wakishindwa kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida, ondoka. Na kumbuka hatifungani nilizozitaja juu ni za riba, wewe haziko kwenye mpango wako.

Nataka hela yangu ifanye kitu cha maana, isikae benki tu. Inawezekana kwa mtu wa kawaida?

Inawezekana na mimi hili linanifurahisha sana. Mwaka 2022 NMB walitoa hatifungani ya Jasiri Bond, hela yake ikaelekezwa kwenye biashara za wanawake, walikuwa wanatafuta shilingi bilioni 25 zikaja zaidi ya 74. 2023 CRDB wakatoa Kijani Bond kwa miradi ya mazingira. 2024 mamlaka ya maji Tanga, Tanga UWASA, wakatoa hatifungani ya miaka 10 kwa ajili ya kupanua mtandao wa maji, wakapata bilioni 53 na kitu. Yani mtu wa Pongwe anaweza kupokea riba na maji kwa pamoja. Zikiorodheshwa soko la hisa la Dar es Salaam unaweza kuzinunua kupitia dalali hata kama toleo la kwanza lilikupita. Ila soma karatasi yao uone hela inaenda wapi, jina zuri peke yake halitoshi.

Na kuna maana iliyo karibu zaidi. Ukiikopesha SACCOS yenu ya wauza mboga, hiyo nayo ni maana.

Nimeingia kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Naona aibu hata kusema kiasi.

Sema. Nimeshasikia viwango vyote. Andika kila deni, nani, kiasi, marejesho ni ya siku au wiki, umeshalipa ngapi, ameshika nini. Alafu tunaangalia nani ana leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni na akupe mkataba, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Anayepigia simu mama mkwe wako kukutangaza anavunja taratibu, hata kama deni ni la kweli. Tunza meseji zake zote.

Usikope kulipa mkopo wa kausha damu kwa kausha damu mwingine, hata kwa siku mbili. Ukishatulia, kama uko kwenye kikundi, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndio mlango.

Unashika hela zangu? Unauza mifuko ya uwekezaji?

Vyote hapana. Hela inabaki kwako. Ukitaka mtu akuchagulie hisa au hatifungani ipi ununue, nenda kwa aliyesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na omba akuonyeshe leseni. Sichukui kamisheni kwa mtu yeyote.

Siku ya kwanza nije na nini?

Taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, kitambulisho cha NIDA au namba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto unaowalea hata kama sio wa kuwazaa, karatasi yoyote ya kiwanja, na orodha ya madeni uliyoandika kwa mkono. Kama mnakuja wawili njooni wawili, ila kila mmoja nitaongea naye peke yake nusu saa kwanza. Mtoto mdogo mlete, kuna mkeka na maji ya kunywa. Jumamosi asubuhi ndio kuna nafasi zaidi, wenye biashara za jioni nitumieni meseji tupange siku ya katikati ya wiki.